Kilimia kiko maili ngapi?

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Tulikaa barazani kwa ami yangu, Pangani, mwishoni mwa Novemba, na juu ya bahari, upande wa kaskazini mashariki, Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kilikuwa kimeshapanda kiasi cha kuonekana bila kutafutwa.

Ami alikuwa nahodha mpaka magoti yalipomkatalia bahari. Akanyoosha kidole.

"Mwanangu, wewe si ndiye unayeandika habari za nyota? Kile pale ni maili ngapi kutoka hapa?"

Umbali wa Kilimia naujua kwa miaka ya nuru, yaani kwa mwendo wa nuru wa mwaka mzima: 444 hivi. Nikatoa simu, nikaingiza namba hiyo kwenye ukurasa mmoja wa kugeuza vipimo, nikachagua kilomita kwanza. Jibu likaja papo hapo: 4,200,564,329,825,875.2.

Nikamsomea tarakimu zote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na hiyo nukta mbili," akauliza, "nani kaenda kuipima?"

Swali hilo limenikalia kichwani wiki hizi zote. Nimeandika habari za anga kwa Kiswahili muda mrefu, na kila mara kuna mtu ananiambia: geuza iwe kilomita, watu waelewe. Nimekuwa nikigeuza. Sasa nataka kujua kitu gani hasa kinatokea pale ninapogeuza.

## Mita mia mbili

Nukta mbili ya kilomita ni mita 200. Ukurasa ule ulikuwa unadai kuujua umbali wa kundi la nyota kwa usahihi wa mwendo wa kutoka nyumbani kwa ami hadi dukani.

Hesabu yenyewe haina kasoro. Kasi ya nuru imewekwa kuwa mita 299,792,458 kwa sekunde kamili tangu mwaka 1983, na mwaka unaotumika hapa ni wa siku 365.25. Zidisha, unapata kuwa mwaka mmoja wa nuru ni kilomita 9,460,730,472,580.8, bila kubahatisha. Zidisha tena kwa 444. Mashine ilifanya kazi yake vizuri.

Tatizo ni kwamba ile 444 haikutoka kwenye mashine. Ilitoka kwenye darubini. Kipimo ninachokitegemea ni cha mwaka 2014, na wenyewe walikiandika kwa paseki, kipimo cha umbali wa nyota nitakachokieleza mbele: 136.2, ikizidi au kupungua 1.2. Hiyo 1.2, ukiigeuza, ni kilomita trilioni 37.

Kwa hiyo katika tarakimu 17 zilizotoka kwenye simu yangu, mbili za mwanzo ndizo zilizopimwa. Kumi na tano zilizobaki zimezaliwa na kuzidisha tu.

Ami alilisikia hilo kwa sikio. Mtu aliyetia bildi, kamba ya kupimia kina, majini maisha yake yote anajua kamba inasema nini na haisemi nini. Bahari inapanda na kushuka chini ya chombo, kamba inapinda na mkondo. Ukisema pima saba umesema kweli, ukiongeza inchi mbili umeongeza neno lako mwenyewe.

## Ramani isiyo na skeli

Nilipoanza kufuatilia, nilidhani nitaandika kuhusu tarakimu za ziada na kuishia hapo. Kilichonigeuza ni historia. Sikutegemea kwamba swali la ami, kwa maneno yake yaleyale, ndilo lililowasumbua wanaastronomia kwa karne tatu.

Mwaka 1619 Johannes Kepler alichapisha kanuni yake ya tatu. Ukijua sayari inachukua muda gani kulizunguka Jua, unajua iko mbali kiasi gani ikilinganishwa na Dunia. Dunia iite 1. Zuhura ni 0.72. Mshtarii ni 5.2. Zohali ni 9.5. Muda unapimika vizuri sana, kwa hiyo namba hizi zilikuwa safi tangu mapema.

Hiyo 1 ndiyo tunayoiita kizio astronomia: wastani wa umbali wa Dunia na Jua.

Ilikuwa ni maili ngapi? Hakuna aliyejua.

Ramani nzima ya sayari ilikuwa imechorwa, kila kitu mahali pake, pembeni hakuna skeli. Unaweza kusema Mshtarii uko mbali na Jua mara tano kuliko sisi, na ukaapa. Ukiulizwa kwa kipimo cha barabarani au cha baharini, unanyamaza.

Sijui kwa nini shuleni hatuelezwi hivi. Tunapewa kilomita milioni 150 mwanzoni mwa somo kama kitu kilichokuwepo siku zote, halafu sayari zinapangwa juu yake. Mambo yalikwenda kinyume. Uwiano ulitangulia na kilomita zikaja mwisho, kwa taabu.

## Bahari ya Hindi, 1761

Mwaka 1672 Giovanni Domenico Cassini akiwa Paris na Jean Richer akiwa Cayenne, Amerika ya Kusini, waliipima Mirihi kwa pamoja kutoka pande mbili za bahari, wakapata makisio ya kwanza yenye maana. Lakini njia iliyowasha moto ilipendekezwa na Edmond Halley mwaka 1716: subirini Zuhura ipite mbele ya uso wa Jua. Watazamaji wawili walio mbali wataiona ikikata uso huo kwenye mistari miwili tofauti kidogo. Umbali kati ya watazamaji hao unajulikana kwa maili za Dunia. Hapo skeli inapatikana.

Zuhura haipiti hivyo mara kwa mara. Ilikuwa ni 1761, kisha 1769, kisha zaidi ya miaka mia.

Wakatumwa watu kila upande. Charles Mason na Jeremiah Dixon waliagizwa Sumatra, meli yao ikashambuliwa na Wafaransa, wakachelewa, wakaishia kupima kutoka Rasi ya Tumaini Jema. Alexandre Pingré alipimia kisiwa cha Rodrigues, mashariki ya Morisi. Bahari yetu ilikuwa imejaa watu wanaotafuta jibu la swali la ami.

Anayenigusa zaidi ni Guillaume Le Gentil. Aliondoka Ufaransa mwaka 1760 akielekea Pondicherry, pwani ya mashariki ya India. Kutoka Morisi akapata chombo, lakini upepo haukuwa upande wao, na walipokaribia pwani ya Malabar wakapata habari kwamba Pondicherry imeshachukuliwa na Waingereza. Chombo kikageuza. Tarehe 6 Juni 1761 Zuhura ikapita mbele ya Jua naye yuko katikati ya Bahari ya Hindi, mbingu ikiwa wazi.

Aliiona, ila hakuweza kuitumia.

Kwenye sitaha inayoyumba, saa yenye pendulo haiendi sawa. Na bila kujua longitudo yake hasa, kipimo chake hakikuwa na mahali pa kuwekwa kwenye hesabu ya wenzake.

Badala ya kurudi kwao, akabaki huku kwenye bahari hii akisubiri ile ya 1769. Safari hii aliwahi Pondicherry, akajenga kituo chake, akatulia. Asubuhi ya siku yenyewe mawingu yakalifunika Jua. Alipofika Ufaransa mwaka 1771 alikuta ameshahesabiwa maiti na kiti chake kwenye Akademia ya Sayansi kimepewa mtu mwingine.

Miaka kumi na moja ya mtu mmoja, kwa ajili ya kugeuza namba 1 iwe maili. Nikiitazama ile simu yangu na jibu lake la papo hapo, namkumbuka huyu.

## Sekunde badala ya kamba

Baada ya safari zote hizo makisio bado hayakukubaliana. Johann Encke alizihesabu upya data za 1761 na 1769 akapata kama kilomita milioni 153. Wengine wakashuka hadi karibu na 149. Mnamo 1930 na 1931 vituo vya nchi nyingi viliifuatilia asteroidi Eros, mwamba mdogo unaolizunguka Jua, ilipotukaribia, na Harold Spencer Jones akachambua picha zake kwa miaka kumi. Jibu lake la 1941 lilikuwa kama kilomita 149,675,000, likiwa na ukingo mdogo wa kosa, na dunia ikaliamini.

Mwaka 1961 antena za Goldstone, California, zikatuma mawimbi ya rada kwenye Zuhura na kuyapokea yaliporudi. Zilichopima ni muda wa kwenda na kurudi. Kasi ya nuru ikijulikana, muda huo unakuwa kilomita. Na kwa kuwa Kepler alishatupa uwiano wote, ukiupata umbali mmoja kwa kilomita umeipata ramani nzima.

Jibu la Spencer Jones lilikuwa limezidi kwa zaidi ya kilomita 70,000.

Kosa la kiwango hicho si la kwenye karatasi tu. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Desemba 1962, chombo Mariner 2 kilipita Zuhura kwa umbali wa kilomita 35,000 hivi. Kingepangiwa njia kwa skeli ya zamani, makosa yangeweza kufika makumi ya maelfu ya kilomita, sawa na umbali wenyewe wa kuipita sayari.

Mwaka 2012, mjini Beijing, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipitisha kwamba kizio astronomia ni mita 149,597,870,700 kamili. Tangu siku hiyo hakipimwi tena. Ni makubaliano. Hapo ndipo kilipogeuka kuwa kitu cha kuingizwa kwenye ukurasa wa kugeuza vipimo, na jasho lote lililotangulia likatoweka machoni.

## Dakika na sekunde

Nilirudi kwa ami. Nilitaka kumweleza paseki, na nilijua pa kuanzia, kwa sababu maili anayoitumia yeye ni ndugu yake.

Maili ya bahari ni mita 1,852. Ilikubaliwa hivyo Monaco mwaka 1929, lakini asili yake ni pembe. Gawa mzingo wa Dunia kwa nyuzi 360, kila nyuzi igawe kwa dakika 60: dakika moja ya tao juu ya uso wa Dunia ndiyo maili moja. Ndiyo maana nahodha hasomi maili kwenye rula, anaisoma pembeni mwa ramani, kwenye latitudo.

Paseki nayo imezaliwa na pembe. Igawe tena dakika hiyo kwa 60, upate sekunde ya tao. Nyota ikiwa mbali kiasi kwamba kizio astronomia kimoja, ukikitazama kutoka huko, kinaonekana na upana wa sekunde moja tu, basi nyota hiyo iko paseki moja. Ni kama vizio astronomia 206,265, au miaka ya nuru 3.26.

"Mnaipataje hiyo pembe?" akauliza.

Nikamuuliza yeye hufanyaje akiwa baharini, mnazi wa ufukweni ukiwa mbele na milima ya Usambara nyuma yake. Akanieleza kwa mkono: chombo kikienda, mnazi unahama mbele ya mlima, nawe unajua uko mbali kiasi gani na nchi kwa jinsi unavyohama.

"Sasa chombo chenu nyinyi ni kipi?"

"Dunia, ami. Kilimia tunakipima Februari, tunasubiri, tunakipima tena Agosti. Dunia inakuwa imeshahamia upande wa pili wa Jua. Tunaangalia kimehama kiasi gani mbele ya nyota za mbali zaidi."

Akafikiri.

"Basi kama njia ya chombo mnaijua urefu wake, mkikosea mtakosea kwenye pembe."

Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi sana kufikia hapo, na sikuwa nimeliona likisemwa wazi namna hiyo.

Nikampa maili zake: trilioni 2,300 za bahari, tarakimu mbili basi. Akazipokea bila kuuliza zaidi.

## Elfu moja ya sekunde

Kwa Kilimia walikosea kwenye pembe kweli.

Satelaiti ya Hipparcos ilirushwa na Shirika la Anga la Ulaya mwaka 1989, na matokeo yake yakatoka 1997. Yalikuwa bora kuliko chochote kilichotangulia. Kilimia kikaonekana kiko karibu kuliko walivyodhani wote. Data zikachambuliwa upya, na mwaka 2009 jibu likabaki hapohapo: paseki 120 hivi. Waliokuwa wakitumia mng'ao wa nyota na njia nyinginezo walikuwa wanapata zaidi ya 130.

Ugomvi huo haukuwa wa wajuzi wawili watatu. Nyota za Kilimia ndizo wanazopimia nadharia za jinsi nyota zinavyong'aa na kuzeeka. Kama kiko paseki 120, nyota zake ni hafifu kuliko nadharia zinavyoruhusu, na inabidi turudi nyuma kwa mengi tunayodhani tunayajua.

Mwaka 2014 mtandao wa darubini za redio zilizotawanyika kutoka Hawaii hadi Karibi, zikisaidiwa na nyingine kubwa, ukatoa 136.2. Kisha satelaiti ya Gaia ikaja na namba zinazokubaliana na hiyo. Hipparcos, kwa kundi hili, ilikuwa imepotoka.

Sasa itazame tofauti hiyo kwa vipimo mbalimbali.

Kwa kilomita, ni trilioni 494. Ukiandika hivyo gazetini, msomaji atasema wanaastronomia hawajui wanachofanya.

Kwa miaka ya nuru, ni 52. Hapa kuna kitu cha kushika. Ikiwa umbali ni 444, nuru tunayoiona iliondoka kule miaka kama kumi kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Ikiwa ni 392, kama Hipparcos ilivyosema, iliondoka baada ya Yusuf bin Hasan kuwaasi Wareno hao Mombasa mwaka 1631. Ngome nzima iko kati ya majibu mawili.

Kwa pembe, ni elfu moja ya sekunde ya tao. Hipparcos ilisoma 0.0083, darubini za redio zikasoma 0.0073. Duara zima lina sekunde 1,296,000, nao wanagombana juu ya sehemu ya elfu ya sekunde moja.

Kitu ni kilekile, ila vipimo vitatu vinasimulia habari tatu. Na ni kile cha tatu tu kinachoonyesha kosa lilipokaa na ugumu wa kazi yenyewe. Nikigeuza kuwa kilomita, nakiondoa hicho. Namba inabaki kubwa na inang'aa, lakini huwezi tena kuiuliza ilitoka wapi.

Hapa ndipo nilipoacha kuamini kwamba kilomita ndicho kipimo cha "watu wa kawaida". Ami ni mtu wa kawaida. Trilioni hazikumpa kitu, pembe ilimpa.

## Kwa kichwa, bila simu

Nisieleweke vibaya, kugeuza nakupenda. Kuna sadfa moja ambayo naiona ni zawadi kwa yeyote anayefundisha haya mambo. Mwaka mmoja wa nuru una vizio astronomia 63,241. Maili moja ya nchi kavu ina inchi 63,360. Zinatofautiana kwa chini ya asilimia 0.2, na hakuna sababu yoyote nyuma yake.

Kwa hiyo Jua na Dunia viweke umbali wa inchi moja. Neptun, sayari ya mwisho, iko inchi 30, yaani futi mbili na nusu. Voyager 1, iliyorushwa mwaka 1977 na inayokwenda kilomita 17 kila sekunde, imefika inchi 170 hivi: futi 14. Nyota ya karibu kuliko zote baada ya Jua, Proxima Centauri, iko maili 4 na robo. Na Kilimia kiko maili 444, kama kilomita 715, inayokaribia mstari ulionyooka kutoka Tanga hadi Mwanza.

Fundi seremala yeyote anaijua inchi, na dereva anaijua barabara. Huku pia ni kugeuza, lakini uwiano unabaki mzima na hakuna anayedanganywa kwamba tumepima mpaka dukani.

## Ninavyoandika sasa

Kwa Mwezi na sayari naandika kilomita bila wasiwasi, kwa sababu huko rada na leza zimezifikia kweli. Mwezi: 384,400, wastani. Jua: milioni 147 mwanzoni mwa Januari, milioni 152 mwanzoni mwa Julai, na kati yake ile 150 ya kukariri.

Kwa nyota naanza na miaka ya nuru, naweka ukingo wa kosa palepale, na pakiwa na nafasi naitaja pembe. Kilimia: miaka ya nuru 444, ikizidi au kupungua 4. Anayetaka kilomita nampa trilioni 4,200. Na wanaotengeneza kurasa za kugeuza vipimo ningewaomba jambo moja: namba ikiingia na tarakimu tatu, itoke na tarakimu tatu.

Halafu kuna Ibuti la Jauza, ile nyota nyekundu (Betelgeuse) begani mwa kundi la nyota la Jabari. Inang'aa mno kwa Gaia kuipima vizuri, na uso wake unachemka na kubadilika, kwa hiyo hata kitovu chake ni shida kukishika. Mwaka 1997 ilikuwa paseki 131, mwaka 2008 ikawa 197, mwaka 2020 ikawa 168. Kwa hiyo naandika "kati ya miaka ya nuru 500 na 700", na kilomita siandiki kabisa.